Kicheko cha Mshonaji

Mama yangu,

Shikamoo mama, na umpe mama mdogo shikamoo yake asije akanuna kwamba ametajwa wa pili. Natumaini goti limetulia, na kwamba ile dawa ya kuchua unaichua kweli, siyo kuiweka dirishani ipate jua. Mimi huku sijambo. Kazi ipo, nimenenepa kidogo, na chumba changu kimepata pazia jipya baada ya lile la zamani kuchanika lenyewe bila kuguswa na mtu.

Salamu zingetosha kwenye simu, lakini nilicho nacho leo hakienei huko, na wewe mwenyewe husema kwenye simu naandika kama mtu anayekimbizwa. Kwa hiyo nimekaa kitako. Nianze na habari yenyewe: ile filamu ya zamani tunayoifufua imekamilika. Sauti imesimama, inatembea na picha bega kwa bega, na nakuapia mama, sijawahi kufanya kazi nikajiona kidume namna hii, ingawa ni binti yako. Limebaki jambo moja tu kabla ya kuchapa diski, nalo liko mikononi mwako. Nataka ruhusa yako. Ukikubali tunachapa, ukikataa tunaondoa sekunde chache na kuchapa bila hizo. Ila nakueleza kwanza, maana sitaki uniruhusu jambo usilolijua.

Wenzangu unawajua kwa picha. Mzee Kanda ni yule mwenye kofia ya sufu, fundi saa aliyestaafu, aliyejaza kanda za video mpaka uvunguni. Mkewe anasema wameshaafikiana: siku zikizidi, kanda zitalala kitandani na yeye Mzee atalala uvunguni. Mkasi ni yule dada mwembamba anayesafisha picha, mkimya kuliko sisi sote, lakini akifungua mdomo ujue kuna mtu anakosolewa. Mimi wananiita Sikio. Nilipokuandikia jina hilo ulijibu kwamba katika watoto wote wa dunia, mtoto wa kiziwi ndiye ameonekana anafaa. Tunaifanya kazi hii kwa mapenzi tu. Kampuni iliyotengeneza filamu ilikufa zamani na hakuna aliyeona haja ya kuitunza, basi tunaoipenda tumeivalia njuga wenyewe.

Umeniuliza mara nyingi sauti inasafishwaje, nami nakujibu kwa mkato kwa sababu naona ugumu. Leo nijaribu. Picha tuliipata kwenye mkanda wa sinema uliokutwa stoo, katika jumba lililofungwa. Picha ilikuwa nzima, ila ule ukingo wa mkanda unaobeba sauti ulikuwa umeharibiwa na unyevu. Sauti ikabidi tuitafute kwenye kanda za video ambazo watu walirekodi majumbani mwao enzi hizo. Kanda hizo zina kelele inayokaa juu ya maneno muda wote, kama vumbi juu ya kioo, na ukifuta kwa pupa unaharibu kioo chenyewe. Halafu zinakimbia kidogo kuliko sinema. Ni kidogo sana, lakini ukifika katikati ya filamu mtu anafungua mdomo kumbe neno lake lilishapita. Kazi yangu ni kupunguza vumbi, kurudisha mwendo, na kulipeleka kila neno kwenye mdomo wake. Na usidhani natumia masikio tu. Kwenye kompyuta sauti ninaiona: ni mistari, mtu akinyamaza inalala, akisema inaruka.

Sasa kuna mahali palitutoa jasho miaka na miaka. Yule mshonaji, shujaa wa filamu, anafuatwa na mwenye nyumba anayetaka kumtoa chumbani. Wanajibizana, mwanamke anamshinda kwa maneno, bwana anatoka na kubamiza mlango. Halafu anarudi, amesahau kofia. Anaichukua huku analalamika, anatoka tena, anabamiza mlango mara ya pili, na mshonaji anaangua kicheko. Sisi wapenzi wa filamu hii tukikutana, hapo ndipo tunapopaigiza. Lakini kila sauti ya kanda tuliyoiweka juu ya picha, midomo na maneno viligombana. Watu wakasema ndivyo ilivyotengenezwa, wakati ule hawakuwa na vifaa. Tukakubali, tukaendelea na mengine.

Unakumbuka nilipokuja likizo. Nilikuwa mezani na kompyuta, nimewasha kinasa sauti kidogo pembeni, maana nikifanya kazi najisemea makosa ninayoyaona ili nije kuyarekebisha baadaye. Mama mdogo alikuwa ametoka. Wewe ukaja na bakuli lako la vitunguu, ukaketi nyuma yangu, nami nikadhani unatazama picha tu. Kumbe ulikuwa unatazama vyote viwili, picha juu na mistari chini. Ukanigonga bega kwa kisu, sehemu ya mpini namshukuru Mungu, ukaniambia kwa mikono kwamba yule bwana amefumba mdomo anapotoka, mbona mistari yangu inaruka? Na akirudi kuchukua kofia mdomo unakwenda kama cherehani, mbona mistari imelala? Ukasema maneno yale ni ya kurudi, siyo ya kutoka. Halafu ukaomba nirudishe nyuma umwone tena na kofia yake, na aliporudi mara ya pili ukavunjika mbavu, vitunguu vikamwagika sakafuni.

Mama, nilitamani kuingia chini ya meza na vile vitunguu. Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kanda zote tulizokuwa nazo zilinakiliwa kutoka kanda moja, na kanda hiyo iliwahi kutafunwa na mashine mahali pale. Kishindo cha mlango kilichobaki kilikuwa kimoja. Sisi, kwa akili zetu zote, tukakioanisha na mlango wa kwanza, kwa sababu ndio unaotangulia. Kilikuwa cha pili! Watu wazima, tuna vifaa, tuna mabishano ya kurasa na kurasa kuhusu kelele za kanda, na hakuna aliyewahi kuutilia shaka mlango. Nilikivuta kishindo mpaka mlango wa pili, na maneno ya yule bwana yakamwingia mdomoni moja baada ya jingine. Nilipowaandikia wenzangu, Mzee Kanda alijibu kwa herufi kubwa tupu. Mkasi aliuliza tu nani aliyegundua, na nilipomwambia akasema basi hilo jina la Sikio walimpa mtu asiye mwenyewe. Niliona fahari mama, usione kwamba nilikuandikia kijuujuu siku zile. Kila niliyekutana naye alisimuliwa habari ya mlango na mama yangu, mpaka wengine wakaanza kunikwepa.

Ila mlango uliponyooka, likajitokeza shimo lililokuwa limefichwa na lile kosa. Kishindo cha kwanza tulikipata kwenye kanda nyingine iliyopatikana baadaye, iliyorekodiwa kutoka kwenye televisheni. Kicheko cha mshonaji hatukukipata popote. Kwenye kanda iliyotafunwa hakipo, na kwenye ile ya televisheni mtangazaji amejitia juu yake kutangaza kipindi kinachofuata. Kwa hiyo mwenye nyumba anatoka, mlango unabamizwa, mwanamke anafungua mdomo, kichwa kinakwenda nyuma, mabega yanatikisika, na mistari imelala chali. Filamu nzima inapanda kuelekea pale, ukifika huna kitu. Na sisi tuna sharti letu: hatutii ndani kitu ambacho hakikuwemo, na ikibidi tutie, basi tunaandika wazi kwenye karatasi ya diski ni nini na kimetoka wapi. Nilijaribu kujipa moyo kwamba kimya nacho kina heshima yake. Mkasi alisema heshima ipo, lakini mtazamaji atadhani spika yake imekufa.

Mama, sasa nafika kwenyewe.

Siku moja nilikuwa nasikiliza kinasa sauti ili niandike makosa niliyojisemea kule nyumbani. Nikasikia kisu kwenye bakuli, kiti chako, vitunguu vikianguka, halafu nikakusikia wewe. Ulikuwa unamcheka yuleyule bwana kwa sababu ileile ya kofia. Hakukuwa na mtu wa kigeni, hukuziba mdomo. Nilikaa nikasikiliza mpaka kikaisha, nikakirudia. Halafu nikakichukua, nikakiweka kwenye mdomo wa mshonaji. Nilitegemea kukivuta huku na huku, kama ninavyovuta kila kitu. Sikukivuta. Anapofungua mdomo ndipo unapoanza, anapokatika pumzi nawe umekatika. Nililia, nakwambia ukweli, nikalia na hedifoni kichwani.

Nilimwambia Mkasi peke yake, na tukakiacha kwa ajili ya kuonyesha mara moja tu, tuone watu watakipokeaje. Tuliazima ukumbi wa maktaba. Viti havikutosha, wengine wakakaa juu ya meza. Nilisimama nyuma karibu na spika. Mwenye nyumba akatoka, akarudi, akachukua kofia, akabamiza. Ukacheka. Na ukumbi mzima mama, ukumbi mzima ukacheka na wewe. Bibi mmoja safu ya mbele alishika mbavu akawa anampigapiga mumewe pajani, na kijana mmoja akapiga makofi kama yuko uwanjani. Waliendelea mpaka maneno yaliyofuata hayakusikika, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikujali maneno kutosikika. Taa zilipowashwa Mzee Kanda alinijia macho yamelowa. Aliiona filamu ile kwenye sinema akiwa kijana, na akaniapia kwamba kicheko ndicho chenyewe hasa, akitaka kujua nimekichimbua kutoka kanda ipi. Ilibidi nimwambie. Alivua kofia, akaivaa, akasema basi nikuulize wewe kwanza, na kwamba kama ni yeye angekuja kukuomba kwa miguu.

Na alikuwa sahihi, nilitakiwa kukuuliza kabla ya kumsikilizisha mtu hata mmoja. Ninajua kwa nini ungesita. Nitakuambia jambo ambalo sijawahi kukuambia. Siku ya wazazi shuleni kwetu, mwalimu mkuu alipojikwaa jukwaani, wewe ulicheka na ukumbi ukageuka. Mwanamke wa safu ya mbele yako aliweka kidole mdomoni, halafu akamwinamia mwenzake akasema neno. Ulilisoma kwenye midomo yake. Tangu siku hiyo ukicheka mbele ya watu unaziba mdomo kwa mkono, na sisi nyumbani tukazoea kama ni tabia yako. Mama, nami nililisoma. Nilikuwa nimesimama na wanakwaya, namwona usoni, na kusoma midomo ulishanifundisha mwenyewe. Alisema ni mlio wa mnyama. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani nikinyamaza, kwako litakuwa halijasemwa. Nimemchukia mwanamke yule mpaka leo, na nilipokuwa nimesimama pale maktaba nilimtafuta kwenye viti, kama mjinga, nikitaka sana awepo.

Kwa hiyo ombi langu ni hili: uniruhusu kicheko chako kibaki. Kwenye karatasi ya diski tutaandika kwamba kicheko cha asili kimepotea na kilichopo kimetolewa na mama wa Sikio. Kama hutaki kutajwa hivyo, niambie utajwe vipi. Ukisema hapana, nitakiondoa siku hiyohiyo, nitaacha kimya, sitanuna wala sitakuuliza sababu, na filamu itatoka ikiwa na mlango wako uliounyoosha, ambao peke yake unanitosha kutembea kifua mbele.

Najua unaombwa kitu ambacho mwenyewe hujakisikia, na wanaokisikia wamekuwa wakikuamulia kilivyo. Ndiyo maana kwenye bahasha hii kuna karatasi ndefu niliyoikunja mara nne. Itandaze mezani. Ile mistari ndiyo wewe. Kushoto imelala, hapo unavuta pumzi. Halafu inaruka mara moja, juu kabisa, inashuka kwa vidaraja vidaraja, inakatika, na pale unapodhani umemaliza inaruka tena kubwa kuliko ya kwanza. Juu yake nimeweka picha za uso wa mshonaji, kila moja mahali pake, ufuate mdomo kwa kidole. Vumbi tu ndilo nililofuta. Mingine yote ni wewe. Nimefanya kazi na sauti za watu wengi, mama, na sijaona mistari mizuri kama hii. Itazame mwenyewe, kwa macho yako, ndipo unijibu.

Msalimie mama mdogo, mwambie viatu alivyoniagiza nimevipata ila rangi si ileile. Wasalimie majirani wa upande wa jiko. Goti lichue, tafadhali. Nasubiri jibu lako, liwe lolote, nami nakupenda.

Ni mimi mwanao,
kitinda mimba wako.