Moyo wa Babu Yako Ulipougua Bila Kuuma

Mjukuu wangu Nekesa,

Habari za Nairobi? Sisi hapa Butula tuko salama, na ng'ombe amezaa. Umeuliza ilikuwaje babu yako akalazwa kwa ugonjwa wa moyo na hakuumwa kifua.

Siku hiyo nilimtuma akamate jogoo. Alimkimbiza kidogo tu, akaketi chini akihema, jasho likimtiririka kama dereva wa trela aliyekwama mpakani Malaba.

"Mzee, umeshindwa na kuku?" nikamcheka.

"Nimechoka tu. Siumwi popote."

Lakini midomo yake ilikuwa imepauka. Niliogopa, nikampakia kwenye bodaboda hadi hospitali, mimi nikimshika kwa nyuma.

Kule akaanza kubishana. "Daktari, moyo wangu hauumi!"

"Hiyo ndiyo shida yenyewe, mzee. Ugonjwa wa sukari wa miaka mingi umeharibu mishipa yako ya fahamu. Moyo unaumia, lakini wewe husikii."

Hapo babu yako akavua viatu, akapanda kitandani mwenyewe.

Alipona, namshukuru Mungu. Siku hizi akihema au akitokwa jasho bila sababu, singoji aseme anaumwa. Juzi nilimsikia akihema, nikamwitia bodaboda, kumbe alikuwa anacheka tu. Tulienda hospitali hata hivyo.

Nakukumbatia,
Bibi yako, Kukhu