Mpokomo Apewa Fimbo

Garsen, Jumapili, Mei 1999

Mvua imekatika asubuhi, joto limerudi na mbu wake. Nina hasira na sitaki mtu anipoze.

Barua ya kampuni ilinifikia juzi nikiwa likizo. Meli yetu ya kuchimba mafuta, huko bahari kuu ambako hata nanga haifiki chini, imetiwa mikono ya chuma. Itanyanyua mabomba na kuyaunga yenyewe. Tulikuwa watu sita wa koleo pale sitahani, tukikaza mabomba kwa mikono. Sasa anatakiwa mmoja tu, akae kitini ndani ya chumba cha vioo, aongoze mashine kwa kifimbo. Anayekitaka kiti afanye mtihani wa kompyuta Mombasa, Jumatano. Asiyetaka atie saini aage. Msimamizi ameongeza kwa kalamu yake: wewe bora utie saini.

Bora! Miaka minane, na nusu ya kidole changu ilibaki kwenye mabomba yale.

Kosa langu ni kumwambia mama jana asubuhi kwamba wanataka mtu wa kushika fimbo. Hapa Garsen kushika fimbo ni kuchunga ng'ombe, na sisi Wapokomo ni watu wa jembe na mto. Mama aliketi chini pu! "Mwanangu, wamekushusha mpaka uchungaji?"

Kufika adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na habari. Bonaya, rafiki yangu Muorma, mwenye ng'ombe wake, alinikuta dukani akanikabidhi fimbo mbele ya watu. "Shika! Mimi nafundisha wewe bure. Ng'ombe hapana uliza mtihani."

Nilicheka sana. Lakini neno mtihani lilinichoma.

Naogopa.

Bomba siliogopi, lakini kompyuta sijawahi hata kuigusa. Wala mashine yenyewe si mbaya, haina vidole vya kupoteza. Ila tukigonga mwamba mgumu huko chini, mimi najua kwa nyayo zangu kabla mshale wa kipimo haujasogea. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Atakayekalia kiti kile bila kuwahi kusimama sitahani atachimba kama kipofu.

Leo mama ameniuliza kwa upole nitaanza lini kulima shamba la Minjila. Nimemjibu bado.

Mahali pa saini nimeandika neno moja: Nakuja. Kama ni kunitoa, wanitoe nikiwa nimeshaketi kwenye kiti chao.