Nambari Arobaini na Saba

Jumatatu, 3 Februari

Nimesafisha bunduki. Mtutu, kifyatulio, mafuta kidogo, kitambaa. Dakika ishirini, kama kila Jumatatu kwa miaka sita. Nambari yake ni 47. Kitako kimekwaruzika kama meza ya hoteli na hakuna mtu amewahi kunionea wivu kwa ajili yake.

Leo renji, uwanja wetu wa shabaha. Risasi tano, mita mia mbili. Matundu yote matano nikayafunika na kifuniko cha kopo la majani chai. Wenzangu wakapiga mluzi. Kinoti, mkongwe wetu kazini, hakupiga.

Halafu Afande Muriungi, mkuu wetu hapa hifadhini, akatoa tangazo. Wafadhili wametununulia bunduki moja ya masafa, yenye darubini juu. Kazi yake ni moja. Mnyama aliyejeruhiwa akiingia mashamba ya watu, aangushwe kutoka mbali, risasi moja, bila kuhatarisha mtu. Atakayekabidhiwa ni mmoja tu. Mtihani ni Alhamisi ya wiki ijayo, risasi kumi, kila mtu na bunduki ya kawaida. Mwalimu wa kusimamia anatoka Embu.

Nafasi hii ni yangu. Naandika bila aibu. Miaka sita nimelinda geti, nimehesabu pundamilia, nimepikia wageni chai kwa sababu eti mwanamke ni mimi. Naitaka.

Jumanne, 4 Februari

Tumeonyeshwa hiyo bunduki. Vijana wanaiita snaipa. Nzito. Mtutu mnene kama mpini wa jembe. Unaingiza risasi moja, unarudisha mkono wake wa chuma, unapiga. Kila mtu alitaka kuchungulia darubini. Kinoti alipigwa picha nayo, amekunja uso kama mtu wa sinema.

Niliuliza tofauti yake na zetu ni nini hasa, ukiondoa darubini. Afande akasema tofauti ni darubini. Watu wakaridhika. Mimi sikuridhika.

Kinoti akasema mbele ya wote kwamba 47 nayo ni snaipa, imekosa darubini tu, ndiyo maana napiga vile. Wakacheka. Nikamjibu kwamba bunduki ni chuma tu, anayelenga ni mtu. Nilisema kwa sauti kubwa. Heri ningenyamaza.

Jumatano, 5 Februari

Wamenichukulia 47.

Afande aliniita ofisini asubuhi. Akasema Kinoti ndiye amekaa kazini kuliko sisi wote, na hifadhi haiwezi kuaibika mbele ya mgeni, kwa hivyo bunduki bora ishikwe na mtu mkubwa. Nikakataa. Akanitazama kwa utulivu kabisa.

"Si ni wewe ulisema jana bunduki ni chuma tu? Basi chuma ni chuma, Nkirote."

Nikapewa 12. Kitako kina ufa, kimefungwa na mpira wa baiskeli. Mpira wa baiskeli! Nikatia sahihi kwa sababu bila sahihi sina bunduki yoyote.

Alhamisi, 6 Februari

Sikula. Kinoti alinisalimia kwa Kimeru, muga. Nikaangalia miti.

Ijumaa, 7 Februari

Renji na 12. Upuzi mtupu. Risasi moja juu, nyingine karibu na mguu wa karatasi, ya tatu sijui ilienda wapi mpaka sasa. Kama mtu aliyerushia kuku mahindi. Nilishika pumzi vile vile, nilifinya vile vile, jicho ni lile lile. Hakuna kitu.

Kinoti na 47 alipiga vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yake. Si kama mimi, lakini vizuri. Na kilichoniuma zaidi, alimwomba fundi amsogezee kilengeo cha mbele kikae na jicho lake. Miaka sita sijaruhusu mtu kugusa kile kilengeo. Kimesogezwa kwa dakika mbili na bisibisi.

Kwa hivyo ilikuwa bunduki? Mimi sikuwa chochote?

Jumamosi, 8 Februari

Nilienda ghalani kwa Ireri, fundi wetu wa silaha. Mtu wa Mbeere, mzee, hana haraka, majani ya muguka daima shavuni. Nikamwambia anieleze ukweli. Snaipa ni nini?

Alirarua karatasi kutoka daftari ya ghala, akaichomeka kati ya mtutu wa ile mpya na mbao yake. Ikateleza kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Akachukua 12, akafanya vile vile. Karatasi ikakwama hapo hapo na kuchanika.

Ndipo akaongea. Mtutu ukipiga hutetemeka, na ukipata moto hujinyoosha. Ukigusa mbao, mbao inausukuma, leo hivi, kesho vile. Ule mnene usioguswa na chochote hurudi mahali pake kila mara. Akasema bunduki ya kawaida imetengenezewa mtu yeyote. Imelegezwa ndani makusudi, ianguke matopeni, iokotwe, ipige. Ile nyingine hailegezwi popote, na hata risasi zake huchaguliwa za sanduku moja. Darubini ndiyo ya mwisho kabisa. Darubini haipigi, inaonyesha tu.

"Ya kawaida tunaiuliza, utapiga? Hii tunaiuliza, utapiga pale pale?"

Nikauliza kuhusu 47. Hapo alicheka kidogo. Akasema katika shehena nzima ya bunduki za kawaida hutokea moja mbili zilizonyooka kuliko dada zao, bahati tu ya kiwandani. Zamani majeshi yalizichagua hizo, yakazifunga darubini, yakazipa jina jipya. 47 ni ya namna hiyo. Nilipewa mimi kwa sababu nilifika wa mwisho kwenye foleni na ilikuwa mbaya kuangalia.

Basi Kinoti alisema kweli, nusu. Naandika na mkono unakataa. Nimemkasirikia Ireri pia, na hakufanya kosa lolote.

Jumapili, 9 Februari

Siku ya mapumziko. Nyumbani Kianjai. Kanisa, halafu uji, halafu mama akaanza. Binamu yangu ameacha nafasi yake katika soko la Gakoromone, pahali pazuri pa nyanya na vitunguu, karibu na njia. Mama anataka nihamie Meru mjini nikaishike kabla ya Machi. Anasema nimezeeka nikilinda geti la wanyama na hakuna anayenijua. Nikamwambia angoje Alhamisi. Nikiipata nafasi, nabaki. Nikiikosa, nitauza nyanya.

Alikubali haraka mno. Anajua nitaikosa, ama anaomba niikose.

Jumanne, 11 Februari

Ireri alikata ule mpira wa baiskeli na kukaza kitako kwa waya mwembamba na gundi. Usiku mzima ikakauka. Leo nikapiga ishirini.

Imetulia. Matundu yanakaa pamoja sasa. Tatizo ni kwamba yanakaa pamoja kulia. Kiganja kimoja kulia, kila mara. Baada ya risasi ya tano mtutu unapata moto na yanapanda kidogo, lakini ukingoja dakika mbili yanashuka. Nimeyaandika yote. Jioni nilikuwa naijua 12 kama ninavyojua mlango wetu wa jikoni, ule wa kuinua kwanza ndipo usukume.

Nikamwomba Afande ruhusa Ireri asogeze kilengeo. Dakika mbili na bisibisi. Akakataa. Eti hakuna silaha kuguswa wiki ya mtihani. Nikamkumbusha kwamba ya Kinoti iliguswa Ijumaa. Akasema Ijumaa ilikuwa wiki nyingine.

Wiki nyingine! Nilitoka kabla sijasema neno la kunifukuzisha kazi. Nimepiga teke debe la takataka. Kidole cha mguu kimevimba.

Ireri alinishauri nilenge kiganja kimoja kushoto, basi. Rahisi hivyo. Nikamwambia sawa.

Alhamisi, 13 Februari

Mwalimu kutoka Embu anaitwa Nyaga. Mwanajeshi mstaafu, mfupi, kofia ya jua, sauti ndogo. Hakutuhutubia. Alituambia tulale chini tupige.

Kinoti alipiga kabla yangu. Kumi haraka haraka. Afande akampigia makofi.

Zamu yangu. Nikalala. Nikaona karatasi. Nilijua kiganja kimoja kushoto. Nilijua vizuri kabisa. Na nikiwa pale chini, shavu kwenye ule waya, nikamsikia Afande nyuma yangu akimwambia mtu kwamba sasa tutaona kama bunduki ni chuma tu.

Nikalenga katikati. Kusudi. Risasi zote kumi, katikati kabisa, nikingoja mtutu upoe baada ya tano kama inavyotakiwa. Nilitaka zote ziende kulia, mahali pamoja, ili kila mtu aone kwa macho yake ni bunduki gani nilipewa.

Zilienda kulia. Zote kumi, pamoja, ningezifunika kwa kiganja. Za Kinoti zilikuwa zimetapakaa, mbili pembeni kabisa, lakini zimezunguka katikati. Wakahesabu. Kinoti 81. Mimi 64.

Nyaga alikaa mbele ya karatasi yangu muda mrefu. Akaniita peke yangu.

"Ulijua inatupa kulia?"

"Nilijua."

"Kiasi gani?"

"Kiganja kimoja, Mwalimu."

"Basi mbona hukulenga kiganja kimoja kushoto?"

Nikaanza kueleza habari ya 47, ya mpira wa baiskeli, ya Ijumaa na wiki nyingine. Alinisikiliza mpaka mwisho, lazima niseme hivyo.

"Yote hayo ni kweli, naamini. Lakini ulipokuwa umelala pale ulikuwa unalenga karatasi ama Muriungi?"

Amempa Kinoti. Ameandika na kutia sahihi.

Ijumaa, 14 Februari

Mjinga. Mjinga. Mjinga.

Si Afande. Mimi. Yeye alinichukulia bunduki. Nafasi niliitupa mwenyewe.

Jumatatu, 17 Februari

Kumbe kuna la pili. Nyaga aliacha barua. Ile bunduki hutumiwa na watu wawili, mmoja anapiga, wa pili analala kando na darubini ya mkono, anapima umbali na upepo, anamwambia mpigaji aelekeze wapi. Kwenye barua, wa pili ni mimi. Ameandika kwamba katika kikosi chote ni mimi peke yangu niliyeonekana kujua silaha yangu inafanya nini.

Kuwa msaidizi wa Kinoti. Kumsomea upepo mtu anayepigwa picha akiwa na bunduki. Nilitaka kukataa. Nilimpigia mama niulize kama ile nafasi ya Gakoromone bado iko. Iko. Nikamwambia anipe siku chache, akakata simu bila kuaga.

Kinoti alikuja kantini akakaa mbele yangu. Hakutania. Akaniambia ndani ya ile darubini anaona nyasi zinacheza na hajui zinamwambia nini, na hajalala tangu Alhamisi. Nikamwacha amalize chai yake. Sikumpa neno la kumtuliza. Lakini sikuondoka pia.

Ijumaa, 21 Februari

Siku ya tatu ya mazoezi naye. Nampa upepo, ananibishia, anakosa. Nampa tena, anasikia, anapata. Halafu anasherehekea kama ni yeye. Nachoka na mtu huyu.

Jumanne, 25 Februari

Nyati dume. Waya wa mtego umemkata mguu wa nyuma hadi mfupa, na jana jioni alimvunja mzee mmoja mbavu. Asubuhi alikuwa amesimama kwenye kichaka ukingoni mwa shamba la ndengu. Nyuma yake upande wa kulia, wanawake watano walikuwa wamejificha kwenye kibanda cha mavuno, hawawezi kutoka. Ruhusa ilikuja kwa simu saa mbili.

Tulilala kwenye kichuguu, mimi na Kinoti. Mita mia mbili na arobaini. Upepo kutoka kulia, mdogo, halafu unakatika, halafu unarudi. Jasho lilikuwa linamtiririka Kinoti mpaka kwenye kidevu. Umati nyuma yetu, na Afande yuko hapo anasema tufanye haraka.

Nilikuwa na nafasi. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma. Neno moja la uongo, akose, Nyaga arudi, mtihani uanze upya. Lilinipitia kichwani, likakaa kidogo. Nikaendelea kuangalia nyasi.

"Wapi?" Kinoti akauliza.

"Ngoja."

Afande akasema tena haraka. Nikangoja. Nyasi zikalala, zikainuka, zikalala.

"Kulia, upana wa sikio lake. Sasa."

Akapiga. Nyati akapiga magoti mbele, kisha akalala, kama ng'ombe anayepumzika. Hakuinuka. Wale wanawake wakatoka kibandani mmoja mmoja.

Watu walibeba Kinoti mabegani hadi barabarani. Jina lake, jina lake, jina lake. Afande akapiga picha. Nikakunja turubai, nikaokota ganda la risasi, nikaandika umbali na upepo kwenye daftari, nikarudisha vitu ghalani. Ireri akauliza kama ilienda pale pale. Nikamwambia ilienda.

Nimempigia mama kwamba ile nafasi apewe mtu mwingine.

Hasira ilikuja jioni nikifua soksi, nikazisugua hadi moja ikatoboka. Angalau leo ilingoja mpaka risasi itoke.