Majibu ya Kisima Chako

Shemeji Magesa,

Usinicheke kwamba nimeandika. Ulikuwaga unasema mkono wangu unajua spana tu, na kweli, karatasi imeshaingia grisi. Lakini nikinyamaza nitatapika.

Ni habari ya kisima chako. Unakumbuka wale wataalamu waliokuja kupima maji, watu walipoanza kuoshea dhahabu kule juu? Wewe mwenyewe uliwatekea, umevaa kofia ya harusini kama unapigwa picha. Wakasema majibu yataletwa kijijini. Presha ikakuchukua ukiwa bado unayasubiri.

Tulipomaliza matanga, nilifunga gereji yangu ya mjini, Nyakato, nikaenda ofisini kwao kuyaulizia. Bwana mmoja akaniambia majibu yapo, ila ni ya ndani, wanaepusha taharuki. Nikamwambia sheria inaturuhusu kuomba taarifa. Akatabasamu. "Mzee, kuomba unaruhusiwa." Na mimi, niliyevaa shati la kanisani ili nimtishe, nikasema asante nikatoka. Asante ya nini, shemeji?

Nikamfuata diwani wetu, yule yule aliyekunywa vikombe viwili kwako wakati wa kampeni, akafuta mdomo na kusema maji haya yana baraka. Akanong'ona kwamba kamati yao ya madiwani imesomewa majibu, milango imefungwa, wakaambiwa yasitoke nje. "Nikisema nitaitwa mchochezi." Tulimtuma akatuulizie. Sasa anatufichia.

Juzi kamati nzima ikaja kukagua. Mwenyekiti wao akasimama uani kwako: "Ndugu wananchi, msiwe na hofu, suala lenu liko kwenye mchakato." Walikuja na katoni za maji ya dukani. Dada yangu hakuzitazama. Alifanya ulivyomzoesha: mtungi, kile kikombe chako cha bati, akapiga goti.

"Karibuni maji."

Wa kwanza akapokea, akashukuru, akampa jirani yake. Jirani akasema tumbo limejaa. Kikatembea hivyo mpaka kwa diwani. Akakichungulia kama kuna nyoka ndani.

"Mama, nimetoka kunywa sasa hivi."

Dada akakichukua, akamwaga maji chini taratibu. "Asanteni," akasema. "Majibu tumeyapata."

Niliona kinyaa, shemeji, kama mtu aliyeuma sangara aliyeoza. Wajukuu zako wamekunywa maji yale muda wote huu, na watu wazima wanaojua wanapita barabarani wanawapungia mkono! Halafu nikatazama mkono wangu: nimeshika chupa yao, nimeshafika nusu. Ilikuwa ya baridi. Najua ungesemaje. Nyamaza.

Kisima tumekifunika miiba. Kila Jumamosi naleta madumu ya maji kutoka mjini, na ng'ombe wako wananitazama kama mimi ndiye niliyewanyima. Tunajua maji ni mabaya, hatujui yana nini. Watoto tuliwapeleka hospitali, daktari akauliza, "Niwapime nini?" Jibu la swali lake liko kabatini kwa watu wenye siri zao. Siri gani, jamani? Ni maji yetu, na matumbo ni yetu.

Ukimya wa uani kwako sijauzoea. Mgeni hajafunga hata baiskeli, wewe tayari: "Kunywa kwanza, maneno yatafuata." Mimi nilikuwa nakuja na soda yangu niliyonunua njiani, Bunda, unaninyang'anya unawapa watoto.

Sasa sikia ahadi yangu. Baraza la madiwani likikaa, kikao ni cha wazi, wananchi tunaruhusiwa kukaa nyuma. Nitakwenda na mtungi wa maji ya kisima chako na kikombe chako. Askari wa mlangoni akinizuia, nitamkaribisha yeye kwanza. Unajua mimi ni mwoga. Lakini nitapita meza kwa meza, na maneno nitakayosema ni yako, kwa hiyo lawama ni zako pia.

Lala salama, shemeji. Kunywa kwanza, nitawaambia. Wasipokunywa, wasome majibu.

Shemeji yako wa spana