Mtungi wa Nyuma ya Nyumba

Mama yangu, nyar Asembo, binti wa Asembo,

Huku Meksiko kuna joto kama la Kisumu kabla ya mvua, ila hakuna ziwa, na kila jioni pua yangu inalitafuta.

Kiwanda ambacho wakubwa wangu wa kazini walinituma kujifunza kupika bia kilianzia nyuma ya nyumba ya mtu, na pipa moja la mbao. Sasa kinajitengenezea hata chupa, na malori yanapanga foleni langoni kama ya miwa. Leo mpishi mzee, Don Chema, alitupeleka kwenye matangi ya chuma marefu kuliko kanisa letu la Kaloleni. Nikajisahau. Nikabandika sikio kwenye tangi, vile wewe hufanya na mtungi wa pombe yako ya busaa. Wenzangu wakavunjika mbavu.

"Unasikiliza nini?" mzee akauliza kwa Kiingereza cha kuokoteza.

"Kama imeiva. Mama yangu hana kipimo, yeye husikiliza."

Akavua kofia, naye akabandika sikio. "Babu yangu alifanya hivyo, enzi za lile pipa." Tukangoja. Chuma hakikusema kitu. Nilidhani ni yeye anayevuta kamasi, kumbe ni mimi.

Mama, siku wakwe zangu walipokuja, nilikuambia uufiche mtungi nyuma ya nyumba, eti utaniaibisha, mimi mtu wa kiwanda. Na ndio ulionisomesha. Urudishe jikoni. Nikifika usinisalimie kwanza. Niache nisikilize.

Mwanao anayekukumbuka,
Ouma