Simu Iliponasa Mtandao wa Zambia

Bushra, maharage yameiva, yatie chumvi. Baba yako akiuliza, mwambie dada yake ameenda ~~sokoni~~ Nakonde.

Yule dereva wa lori ninayecheza naye gemu ya kujenga mji mtandaoni (ndiyo, yule mnayenichekea) amefika leo. Tulipanga tuonane mpakani saa nne, mara yetu ya kwanza. Simu yangu ikanasa mtandao wa Zambia, saa yake ikarudi nyuma saa nzima, nami nikaendelea kupiga deki! Foleni ikasogea, akavuka. Ananisubiri ng'ambo, huko Nakonde.

Miaka tisa nawafungulia nyie geti. Kwenye gemu nyumba yangu ina milango minne, na hakuna anayeniuliza naenda wapi.

~~Nitarudi jioni.~~ Ugali songeni wenyewe.

Shangazi