Breki ya Kushika Kwenye Mvua

Kehancha

Mama,

Amosi, nakusalimia. Huyu dereva wa kanta, ile lori ndogo, aliyekupa barua amekuletea na baiskeli. Ni ya Akinyi, binti ya Otieno. Mguu wako umepata nafuu? Na ng'ombe, ilizaa? Mimi niko. Nakula, nalala, nafunga nati hapa steji ya boda tangu asubuhi.

Uliponiambia muhula ukifunguliwa Akinyi atapanda baiskeli ya marehemu ndugu yangu Otieno kwenda shule, simu ilikatika. Haikuwa netiweki. Nilikata mimi. Kesho yake nikaenda Suna kwa muuza baiskeli.

Mama, nilikagua zote. Yenye gia nilikataa haraka, matope yetu yakiingia huko cheni inaruka, anabaki kusukuma. Halafu nikaomba maji kwa jagi, nikawa namwagia kila rimu, nashika breki, nasukuma nione kama gurudumu litateleza. Mwenye duka akaniuliza, "Kijana, unanunua ama unaosha?" Watu wakacheka. Nikaendelea kumwaga.

Hii niliyochukua breki iko ndani, katikati ya gurudumu la nyuma, maji hayafiki. Akinyi akanyage tu pedali kurudi nyuma, inashika. Tairi ni nene, na kati yake na madigadi, yale mabati ya kuzuia matope, vidole viwili vinapita, matope hayawezi kujaa. Nimeipanda mwezi mzima, Suna na Kehancha, nikileta spea, mvua ikininyeshea. Hakuna spoki imekatika. Kwenda shule na kurudi kila siku mpaka amalize, itamfikisha.

Sasa ile ya Otieno. Kwa mazishi mlisema ni mvua iliyomuua, na ule mteremko wa mtoni. Mama, raba za breki nilikata mimi, kutoka kwa tairi kuukuu ya gari. Hakuna mtu alinifundisha, nilijaribu mwenyewe, nikajisifu kwa kila mtu ati zinadumu kushinda za duka. Kweli zinadumu. Kukiwa na jua zinashika vizuri. Zikilowa zinateleza kama sabuni. Sikuwahi kuzijaribu na maji. Asubuhi ile Otieno aliangalia wingu, akaniuliza, "Breki iko sawa?" Nikamwambia, "Enda tu, hiyo ni kazi yangu."

Ndiyo maana niliondoka hata kabla wageni wa mazishi waishe. Mpaka leo sijalia.

Hiyo baiskeli ya Otieno usipee mtu, hata wa kufika sokoni. Nisalimie nyanya, na baba mdogo aliyenishika mkono kaburini. Mke wa Otieno mwambie wewe, mimi sijui nitaanzia wapi.

Dereva anarudi huku Alhamisi. Kama mnataka nije, mwambie yeye. Asiponiambia kitu, pia nitaelewa.

Ni mimi mtoto wako,
Omondi